Nafasi ya Kumi na Moja

Darasa letu, Kutaisi, liko juu ya tanuri la mikate,
kwa hiyo sarufi yangu siku zote hunuka unga ulioungua.
Wanafunzi saba. Sita wanataka kwenda kulea wazee wa watu
huko Ayalandi, huko Kanada. Wa saba ni Gocha, dereva wa teksi,
anayetaka tu kuelewana na watalii kuhusu nauli.

Nimewaandikia vitenzi ubaoni, kila kimoja na shimo nyuma yake.
Jazeni, nasema. Kitenzi cha Kiingereza hakitoki nje peke yake,
kina mbwa wake mdogo,
na ukishika mbwa wa jirani utang'atwa.

Gocha amejaza: ameoa "on" mke wake.
Ndivyo tusemavyo sisi, mwanamume huoa juu ya mwanamke,
kama kofia juu ya msumari.
Nikafuta. Hapo hapawekwi kitu, Gocha. Kuoa hakutaki kitu.
"Hakutaki kitu?" akauliza Gocha,
aliyeuza ng'ombe wawili na bado anadaiwa karamu.
Tukacheka mpaka mwokaji akagonga dari kwa mpini wa koleo.

Lamara amengoja basi bila kuweka chochote.
Nikamwekea "for". Ya nini?
Wao, nikasema, hawawezi kumngoja mtu moja kwa moja,
lazima walaze ubao katikati, wapite juu yake.
Akaandika daftarini: lazima ubao.

Kweli ni kwamba sijui.
Miaka kumi na tisa nafundisha, na bado
wao hutegemea juu ya mtu, huamini ndani yake,
humcheka pale alipo.
Nani alipanga hivi? Labda mtu aliyehama usiku,
akatia sufuria kwenye kabati la nguo,
na watoto wake wakazoea.

Nafasi ya kumi na moja. Kitenzi ni kufa.
"Of" kwa maradhi, "from" kwa jeraha, "for" kwa nchi:
naisoma kama bei za sokoni.

Tsiala akainua penseli.
"Mwalimu, Otia wangu alitoka kununua chumvi.
Kabichi nilikuwa nimeshaikata, iko kwenye beseni.
Hakuugua. Hakujeruhiwa. Nchi haikumwomba kitu.
Niweke ipi?"

Lugha yetu ina sauti moja, nyembamba kama uzi,
inayopenya tumboni mwa kitenzi,
na kifo kikageuka kumtazama aliyebaki.
Hatuishii kusema alikufa.
Tunasema alinifia.
Nimo humo ndani, katikati ya neno,
silabi huku, silabi huku, sina pa kutokea.

Nikapekua kitabu. Chini ya ukurasa, kwa herufi za mchwa:
"on". Ya mazungumzo. Hutumika pia kwa magari na betri.
Nikasita. Kisha nikamwambia.

"Juu yangu?"
Juu yako.
Akafumba macho, kama mtu anayepima gunia
kabla hajalikubali mgongoni.
"Hiyo," akasema. "Alianguka dukani, lakini juu yangu."
Gocha, ambaye betri yake hufa kila Januari,
alivua kofia, akaiweka magotini.

Ufunguo wa majibu, nyuma ya kitabu, unasema "of".
Nilimpa alama yake.

Sasa yuko Galway. Ameniandikia kadi,
mwandiko umelala upande kama nyasi za mtoni:
mzee wake ni mzima, anapenda viazi, hapendi redio.
Na swali. Kulea, kwa watu hawa, wameliunda kwa maneno mawili,
kutazama, halafu baada.
Mwalimu, baada ya nini?

Sijajibu. Kundi jipya linaanza Alhamisi,
na chaki imebaki vipande vitatu.